Wageni Wametua Tandale: Miisho Minne ya Filamu ya Vichekesho Yenye Bajeti Ndogo

Wiki mbili zilizopita vijana wawili waliniletea mswada wa kurasa 62. Ni filamu ya vichekesho: viumbe kutoka sayari nyingine wanaiteka Tandale kimyakimya, bila risasi wala moto, kwa kuingia ndani ya miili ya watu. Mwanzo umesimama, katikati panachekesha. Tatizo lilikuwa mwisho. Walikuja na miisho minne, kila mmoja umebanwa kwa pini yake, na kwenye bajeti zimebaki siku tatu tu za kushuti. Mmoja anautaka wa kwanza, mwenzake kang'ang'ania wa pili, na shangazi aliyewachangia fedha anautaka wa tatu.

Wana haki ya kuhangaika. Filamu ya bei nafuu ikiwa na sauti yenye upepo, mtazamaji wa Bongo huvumilia, hasa kama anayaona maisha yake mle ndani. Picha ikiwa na giza kidogo, atavumilia pia. Mwisho ukimdhulumu, hasahau. Sisi wenyewe tulikulia kwenye filamu zilizouzwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, diski mbili kwa bei mbili, na tunaijua hasira ya hadithi kukatwa pale ilipokolea. Nimeona niandike ulinganisho huu kwa urefu kwa ajili ya yeyote aliyekwama hapo walipokwama wao. Vijana wameniruhusu niitumie hadithi yao kuipima miisho yote minne.

Hadithi yenyewe

Mgeni wa kwanza kutua anaingia ndani ya mwili wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mzee aliyevuka sabini. Kutwa nzima watu wanampitia na kumwamkia. Kwa hiyo neno la kwanza la Kiswahili analolijua, na analowafundisha wenzake wote, ni "marahaba". Hajui kama kuna neno linalotangulia. Anadhani hiyo ndiyo salamu yenyewe.

Ukurasa wa 9 bibi mmoja amekaa kwenye mkeka uani, ungo mapajani, anachambua mchele. Mjukuu wake wa mwisho, kijana wa kidato cha tatu, anampita bila kusema kitu. Bibi hainui kichwa. "Mume wangu, leo hujaniona?" Kijana anasimama, anageuka taratibu, anatabasamu, anasema: "Marahaba."

Mikono ya bibi inasimama. Punje moja ya mchele imebaki kati ya vidole viwili. Anaitazama, anaitupa pembeni, anaendelea kuchambua. Ila sasa kajifunika khanga mabegani, na jua ni la saa sita mchana.

Tukio hilo halina mapambo ya uso wala kitambaa cha kijani cha kuwekea picha za kompyuta nyuma ya waigizaji. Linahitaji mkeka, ungo, kilo moja ya mchele na mama mmoja anayejua kunyamaza mbele ya kamera. Nililisoma mara tatu. Steringi wa filamu ni kaka yake huyo kijana, konda wa daladala, ambaye ndiye wa kwanza kuamini maneno ya bibi.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni gharama, na simaanishi fedha peke yake. Kuna siku za kushuti, idadi ya watu, mahali, na mwanga. Hapa Dar es Salaam jua huzama takriban kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo mwaka mzima, na giza halichelewi. Ule mwanga mzuri wa magharibi unaupata kwa dakika kama 20. Mwisho unaoutegemea unakupa nafasi chache za kurudia kila jioni, na mvua za masika au vuli zikiingia zinaweza kukunyang'anya hata hizo. Umati unataka nauli na chakula hata kama wote ni jamaa zako. Droni inahitaji kibali chake. Filamu nzima inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, kwa hiyo hadithi uliyoiombea kibali iwe ndiyo unayoipiga.

Cha pili ni kicheko cha mwisho: kinatoka wapi, na ni nani anayechekwa.

Cha tatu nakiita mbegu. Je, kinachotokea mwishoni kilipandwa mapema, mbele ya macho ya mtazamaji, naye akakipita bila kukitilia maanani? Nikiulizwa ni kigezo gani nakipa uzito zaidi, ni hiki. Fedha zinaweza kutafutwa wiki ijayo, lakini mbegu ambayo haikupandwa kwenye kurasa za mwanzo haiwezi kuota kwenye ukurasa wa 60.

Cha nne ni mtazamaji na mahali anapotazamia. Kibanda umiza, kile chumba cha mtaani cha kuonyeshea video, chenye watu arobaini kwenye mabenchi kina mwisho wake. Simu yenye kioo kilichopasuka ndani ya mwendokasi ina wake. Tamasha la filamu kama ZIFF kule Zanzibar, watu wamekaa Ngome Kongwe usiku na upepo wa bahari, lina wake.

Cha tano ni kinachobaki: mlango wa sehemu ya pili upo, na ukiwepo, umeachwa wazi kwa haki?

Mwisho wa kwanza: kitu kidogo kinawaangusha

Huu ndio mwisho mkongwe kuliko yote katika hadithi za uvamizi. H. G. Wells aliuandika mwaka 1898 katika The War of the Worlds: wavamizi kutoka Mirihi, walioshinda mizinga na majeshi, wanakufa kwa bakteria. Wengi huudhani kuwa mwisho wa bahati tu. Rudi kwenye sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu. Humo wanaotuchunguza kutoka mbali wanafananishwa na mtu mwenye hadubini anayetazama vijidudu vinavyozaana ndani ya tone la maji. Vijidudu vilikuwepo tangu mstari wa kwanza. Msomaji alidhani ni tamathali ya usemi tu, kumbe alikuwa anaonyeshwa silaha.

Katika hadithi ya Tandale, kitu kidogo ni salamu yenyewe. Wageni wameuzingira ua. Bibi anatoka na kigoda, anaketi, anaanza: "Hamjambo wanangu?" Wote kwa pamoja: "Marahaba." Bibi hawaachii. "Habari za huko mtokako? Za safari? Mmelalaje? Watoto je? Wazee wenu hawajambo? Na mvua huko zimenyesha?" Kila swali linadai jibu lake, nao wana neno moja. Jirani anachungulia juu ya ukuta na kuongeza lake. Muuza genge anaongeza. Konda anaingia na ile sauti yake ya kuita abiria. Mgeni mmoja mmoja anazidiwa na kuuachia mwili, na mwenye mwili anapepesa macho na kuuliza, "Jamani, nimefikaje hapa?"

Gharama ni ya kati. Unahitaji ua mmoja na watu kumi na tano au ishirini kwa siku moja, pengine mbili, kwa kuwa umati hukosea na kurudia. Usiongeze chombo kinachoanguka. Niliwahi kuhariri filamu fupi iliyoishia kwa chombo cha wageni kutumbukia baharini Kigamboni. Tulipiga watu wakikimbia ufukweni siku nzima, tukaacha nafasi ya chombo kijazwe kwenye kompyuta. Kilichorudi kilielea juu ya maji kama sufuria, na kivuli chake kililala upande mwingine na vivuli vya watu. Tulipoionyesha kwenye kibanda kimoja Mbagala, watu walicheka pale tulipotaka washtuke. Niliumia sana kwenye benchi la nyuma, kwa sababu waigizaji wale walifanya kazi nzuri kweli.

Kicheko hapa ni cha ushindi, na ni cha wote. Anayechekwa ni mvamizi, na kinachomshinda ni kitu ambacho kila aliyeko kwenye benchi anakijua tangu utotoni. Kelele za kibandani zitakuambia.

Mbegu zinahitajika mbili. Ya kwanza ipo, ni lile tukio la ungo. Ya pili haikuwepo kwenye mswada, nikawaomba waiongeze: ukurasa wa 17 hivi, mgeni aliyeingia kwa muuza genge anaulizwa na mteja maswali matatu mfululizo, na kwa sekunde mbili mwenye mwili anarudi, anashangaa, halafu anatoweka tena. Bila tukio hilo, mwisho huu ni ulaghai, hata kama unachekesha.

Sehemu ya pili inawezekana, ila usiilazimishe kwa ule mkono unaochomoza mchangani dakika ya mwisho. Mwisho huu unawafaa wenye majirani wanaowapenda, wenye waigizaji wengi wa wastani kuliko mmoja bora, na wanaotaka watoto na wazee wacheke pamoja siku ya Idi au Krismasi.

Mwisho wa pili: wageni wanashinda

Hapa ndipo mjadala wetu ulipochemka, na nitakaa hapa kidogo.

Kibandani kuna sheria isiyoandikwa: steringi hafi. Atapigwa, atadondoka ghorofani, atazikwa akiwa hai, lakini hafi. Mwisho ambao wavamizi wanashinda unavunja sheria hiyo, na historia inaonyesha kuwa si watazamaji wa hapa peke yao wanaokereka. Mwaka 1956 mwongozaji Don Siegel alipotengeneza Invasion of the Body Snatchers, hadithi ya wavamizi wanaochukua nafasi za watu huko Marekani, alitaka iishie kwa daktari akiwa barabarani usiku, anayapigia kelele magari na hakuna anayemsikiliza. Wenye fedha waliona ni kali mno. Ukaongezwa mwanzo na mwisho wa hospitalini, daktari akisimulia na hatimaye kuaminiwa. Ilipotengenezwa upya mwaka 1978, mwisho mkali ukapata nafasi yake: Donald Sutherland, tuliyemfuata muda wote tukimtegemea, ananyoosha kidole na kupiga ukelele wa wavamizi. Filamu inakatika hapo. Hilo halikuhitaji efekti yoyote. Ni uso, mkono na sauti.

Hizo si vichekesho. Kwa vichekesho, funzo liko kwenye Little Shop of Horrors ya mwaka 1986, filamu ya nyimbo na utani kuhusu mmea kutoka angani unaokula watu. Mwongozaji Frank Oz alipiga mwisho wa gharama kubwa ambao mmea unawala steringi na mpenzi wake, kisha mimea mikubwa kama majengo inaiteka New York. Jukwaani, mchezo ambao filamu hiyo ilitokana nao ulikuwa ukiishia kwa mmea kushinda na watu walipiga makofi. Kwenye maonyesho ya majaribio ya filamu, watazamaji waliukataa. Ukapigwa mwisho mwingine ambao wapenzi wananusurika. Ule wa kwanza ulikuja kutoka kamili kwenye diski mwaka 2012.

Kwa nini jukwaani wakubali na kwenye filamu wakatae? Jukwaani, baada ya kufa, waigizaji wanarudi, wanashikana mikono na kuinama. Unawaona wazima. Kwenye filamu hawarudi. Umecheka nao saa moja na nusu, umewapenda, kisha wameliwa na taa zimewashwa. Ukiuchagua mwisho huu, tafuta namna ya kuwarudisha bila kuwaokoa: vipande vilivyokosewa vinavyopita pamoja na majina ya wahusika, au wimbo ambao wote wanaucheza, waliotekwa na wasiotekwa.

Sasa Tandale. Asubuhi tulivu. Daladala zinapita, foleni ni ileile, chapati zinageuzwa kwenye kikaango. Kila mtu anamwambia kila mtu "marahaba" na hakuna anayeona ajabu. Konda anasimama mlangoni mwa gari akiwa na tabasamu ambalo si lake. Uani, bibi yuko palepale kwenye mkeka. Mjukuu wa mwisho anatoka, anasimama mbele yake, anangoja. Bibi anauweka ungo chini. Anainama kidogo. "Shikamoo."

"Marahaba."

Kijana aliyeutetea mwisho huu alinisomea mistari hiyo miwili kwa sauti ya chini, na chumba kizima kikanyamaza. Bibi hakutekwa. Amejua kuwa amebaki peke yake, na ameamua kuishi. Watu watacheka kwanza kwa sababu mambo yamegeuka kichwa chini, na kicheko kitawakatikia njiani.

Gharama ni ndogo sana: asubuhi moja, watu watano, barabara iliyopo tayari. Mbegu imeshapandwa na haihitaji nyongeza hata moja. Uzito wote unamwangukia mwigizaji mmoja. Kama mama anayeigiza bibi hawezi kusema neno hilo moja na likabeba miaka yake yote, achana nao. Mtazamaji wa tamasha ataukumbuka mwaka mzima. Kibandani utagawa watu, na wengine watakuuliza fedha yao imeenda wapi. Kwenye simu utasambaa, lakini mara nyingi kama kipande cha sekunde 40 kilichotengwa na filamu yake. Sehemu ya pili inawezekana kwa urahisi kuliko miisho mingine yote, kwa kuwa kuna deni ambalo mtazamaji anataka lilipwe.

Mwisho wa tatu: wageni wanakuwa wenyeji

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwisho huu ni methali hiyo ikitembea.

Kamanda wa wageni, ndani ya mwili wa mwenyekiti, amepanga uvamizi mkuu ufanyike Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo kuna harusi mtaani, naye keshaingizwa kwenye kamati bila kujua kamati ni kitu gani. Anaulizwa atachangia ngapi. Anapewa daftari la ahadi. Ni kiumbe makini, analichukulia daftari kwa uzito wote wa kijeshi: anawafuata walioahidi na hawajatoa, anajua nani kabakiza nini, anasimama kwenye kikao na kueleza kuwa sare za kina mama hazijashonwa na kwa hiyo shughuli zote nyingine zisogezwe mbele. Zote, pamoja na ule uvamizi.

Baada ya harusi, wageni wanairudisha miili kwa wenyewe na kuomba chumba. Dalali anadai mwezi wake. Kwa kuwa hawana umbo, wanakaa ndani ya redio ya zamani kwenye dirisha la bibi. Asubuhi ya mwisho bibi anapita na ndoo, na redio inajikohoza. "Shikamoo, bibi." Anaituliza ndoo chini. "Marahaba, mume wangu. Umeamkaje?"

Shangazi wa vijana ana sababu ya kuupenda. Mimi pia ulinigusa, hasa kwa ile redio, ambayo inamaliza tatizo la kuonyesha wageni kwa gharama ya sauti ya mtu mmoja. Lakini kuna jambo ambalo mswada ulilikwepa. Watu hawa waliibiwa miili yao. Yule kijana wa kidato cha tatu alipotea siku nne ndani ya nafsi yake. Ukiwafanya wageni wapendwe bila mtu yeyote kulitamka hilo, mtazamaji mmoja atabaki na donge, na huenda ndiye uliyemtaka acheke kuliko wote. Nilipendekeza kijana arudi na asiseme na redio. Wakati bibi anaitikia, yeye anapita nyuma na kuifunika kwa kitambaa. Sekunde tatu tu.

Kwa upande wa gharama, mwisho huu unadanganya. Ukiusoma unaonekana rahisi, maana yote ni vikao na nyumba. Ukiuhesabu, una matukio mengi kuliko miisho mingine: kikao, daftari, ushonaji, harusi yenyewe. Harusi ina muziki, chakula, mavazi na watu. Ukipata harusi ya kweli ya ndugu na ruhusa ya wenyewe, umeokoka. Usipopata, siku tatu hazitoshi. Kicheko chake ni cha polepole na cha upendo, kinachojengeka tukio kwa tukio. Mbegu zinahitajika nyingi, kwa sababu harusi lazima itajwe tangu mwanzo. Unafaa zaidi kwa tamthilia ya runinga au mfululizo wa mtandaoni kuliko filamu ya dakika 80, kwa sababu kila kikao kinaweza kuwa kipindi chake na watu wakarudi wiki ijayo. Kibandani unaweza kuonekana mrefu.

Mwisho wa nne: steringi alikuwa mmoja wao

Huu niupitie haraka, kwa kuwa faida yake na hatari yake ni kitu kimoja.

Wageni wameondoka, mtaa umepona. Konda anakaa kwenye ngazi ya daladala, amechoka, anakunywa maji. Mzee anapita na mkongojo. Kabla konda hajawaza, mdomo unamponyoka: "Marahaba." Kamera inabaki kwenye uso wake.

Unahitaji mahali pamoja, watu wawili na nusu siku, pamoja na ule mwanga wa magharibi ukitaka upendeze. Kicheko kinapasuka mara moja na kufuatiwa na kelele za kubishana, jambo zuri kwa kibanda na zuri zaidi kwa mtandao, ambako watu watarudi mwanzo kutafuta dalili. Hapo ndipo mbegu inapokuwa jambo la kufa na kupona. Kama kwenye ukurasa wa 4 konda alimwambia mzee yeyote "shikamoo" kwa ufasaha, umemdanganya mtazamaji. Kama kila alipokaribia kuamkia alikatizwa, na honi, na abiria, na simu, basi umecheza kwa haki. Nilipitia mswada wao kwa kalamu nyekundu: konda anaamkia mara mbili. Ikabidi warudie matukio mawili waliyokwisha kuyapiga, na papo hapo mwisho wa bei rahisi ukawa si rahisi tena.

Jambo jingine: waliokulia kwenye filamu za kigeni zilizotafsiriwa na kina Lufufu, wale waliosimulia kwa Kiswahili juu ya picha, wamezoea sauti inayowafafanulia kila kinachotokea. Kigeuko cha neno moja kinaweza kuwapita watu wa mabenchi ya nyuma, hasa feni ikipiga kelele. Mpe mzee nafasi ya kusimama na kugeuka.

Uchague upi, kwa hali gani

Kama ulichonacho ni siku moja na mwigizaji mmoja mkubwa wa umri anayekutetemesha akinyamaza, wa pili. Mwigizaji wa aina hiyo hapatikani kila mwaka, na mwisho mwingine wowote utamtumia nusu.

Kama mtaa mzima umekukubali, majirani wanauliza kila siku lini mnashuti tena, na hadhira yako ni familia, wa kwanza. Hakikisha tukio la genge limepigwa kabla hujagusa mwisho. Kama masika yameanza na ua wako hauna paa, fikiri mara mbili, maana umati uliolowa haurudi kesho.

Kama una mteja wa runinga au unataka kupandisha vipindi mtandaoni kwa miezi, wa tatu. Na kama kuna ndugu anayeoa mwezi ujao, zungumza na familia leo, kwa heshima, na uwaeleze wazi kamera zitakuwa wapi na picha zitatumikaje.

Kama bado hujapiga matukio ya mwanzo, wa nne unakuita, kwa sababu unaweza kumwongoza konda asiamkie mtu hata mara moja. Kama ulishapiga na aliamkia, uache, hata ukiupenda namna gani.

Kama unapeleka tamashani, wa pili na wa nne inakaribiana, na tofauti ni nani mwenye uso wenye nguvu zaidi, bibi au konda. Watazameni wote wawili kwenye picha mlizokwisha kupiga, sauti ikiwa imezimwa.

Aliyetoa fedha akitaka mwisho mmoja na mwongozaji mwingine, msibishane juu ya karatasi. Isomeni miisho yote minne kwa sauti mbele ya watu watatu au wanne wasioijua hadithi, kijiweni au kwa mama ntilie baada ya chakula cha mchana, na muangalie ni wapi wanaacha kuchezea simu. Vijana wangu walifanya hivyo Manzese. Walirudi bado wanabishana, ila safari hii walikuwa wanabishana juu ya miisho miwili, wa kwanza na wa pili.

Na kama siku ya kushuti imefika hujaamua, anza na picha zinazohitajika kwenye mwisho wowote utakaouchukua. Kwao ni hizi: ua ukiwa mtupu asubuhi, mkeka unatandikwa, mikono ya bibi kwenye ungo kwa karibu, na uso wake anapoinua kichwa kabla hajasema lolote. Walipiga hizo Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi. Mama aliyeigiza bibi alikuja na ungo wake mwenyewe kutoka nyumbani, na mchele aliochambua ndio uliopikwa mchana.